Mwenye Kazi Hasemi

Mratibu alikuwa na neno moja la kumkatishia mtu maneno, nalo ni "nani?" Ukisema tafiti zinaonyesha, aliuliza za nani. Ukisema wakulima wanalalamika, aliuliza nani kalalamika, alikuwa amesimama wapi, na pamba yake ilikuwa imefikia wapi siku hiyo. Ukithubutu kusema "kama nilivyoeleza awali", alivua miwani, akaiweka mezani mbele yako, akauliza ulimweleza nani, maana yeye hakumbuki, na waliokaa kulia kwake wana sura za watu ambao nao hawakusikia. Wageni walidhani ni ukali. Ulikuwa ukali kweli, ila haukuwa ukali mtupu.

Nilifanya kazi chini yake Bariadi kwa miaka mingi, nikiwa mtu wa takwimu katika timu ndogo ya watafiti wa pamba. Ukoo wake siujui, na mama huyu alisoma wapi hakuwahi kuniambia. Najua tu kwamba kwao ni upande wa Mwamapalala, kwa sababu michembe yake, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ilitoka huko. Ninachoweza kueleza ni jinsi alivyotulazimisha kusikilizana, kazi ambayo sijaona mtu mwingine akiifanya kwa makusudi, na jinsi yeye mwenyewe alivyokaribia kuiharibu.

Kikao chetu kilikuwa Ijumaa, kabla tu ya chakula cha mchana. Saa hiyo aliichagua yeye. Nyuma ya ofisi palikuwa na mama lishe aliyekaanga sangara, na harufu iliingia dirishani bila kubisha hodi. Mtu akianza kuzunguka, wenzake walianza kukohoa. "Ukitaka kujua kama umeelewa jambo," Mratibu alisema, "mweleze mtu mwenye njaa." Mashine ya kuonyesha picha ukutani aliifungia kabatini. Tulipoiomba, alituuliza kama umeme ukikatika na tunachokijua nacho hukatika.

Sheria yenyewe ilikuwa hivi. Hakuna aliyeruhusiwa kueleza kazi yake mwenyewe. Kazi yako ilielezwa na mwenzako, ambaye wiki nzima alipaswa kukufuata shambani, kukaa nawe mezani, na kukuuliza maswali mpaka umchoke. Wewe mwenye kazi ulikaa kimya. Mwenzako akikosea, uligonga meza kwa kifundo cha kidole, basi. Hukusema amekosea wapi. Ilikuwa juu yake kurudi nyuma katika maneno yake mwenyewe, alitafute kosa, alisahihishe. Usipogonga tena, alijua amelipata na anaweza kuendelea.

"Hii ni kesi, Mratibu," alilalamika Masunga, mtu wetu wa mifugo. "Mshtakiwa haruhusiwi kujitetea."

"Mshtakiwa hana haja ya kujitetea kama wakili wake amemsikiliza," alijibu. "Mwenye kazi hasemi. Tuendelee."

Mara ya kwanza nilipewa kazi ya Kabula, binti aliyetoka chuoni muda si mrefu, akishughulika na funza wanaotoboa vitumba vya pamba. Kabula alikuwa na sauti ndogo kiasi kwamba hata salamu yake ulilazimika kuikisia. Nami nilidhani kazi yake naijua, kwa kuwa namba zake zote zilipitia kwangu. Nilisimama nikaanza kwa mbwembwe. Akagonga. Nikarudi nyuma, nikasahihisha. Akagonga. Nikasema wakulima hupuliza dawa wakiona funza. Akagonga kwa nguvu hadi kalamu zikaruka, kwa sababu kazi yake yote ilikuwa kuonyesha kwamba wakishawaona funza wamechelewa, na kwamba cha kutafuta ni mayai. Nilikuwa nimezijumlisha na kuzigawanya namba zile mwaka mzima bila kujua zinahesabu mayai. Masunga alicheka mpaka akatoka nje.

Mwaka mmoja baadaye Kabula alikuwa anazungumza mbele ya watu bila kushika ukingo wa meza. Nilimwuliza ilikuwaje. "Kaka, mimi nilianza kuongea kwa ngumi," alisema. "Mdomo ukafuata."

Wengi wetu tulikuwa Wasukuma, mimi ni Mpare wa Same. Timu iliandika kwa Kiingereza, ikagombana kwa Kiswahili, ikaelewana kwa Kisukuma. Mratibu aliliona hilo mapema, akaamua kwamba kila robo mwaka mtu mmoja ataeleza kazi ya mwenzake kwa Kisukuma kitupu, nami sikusamehewa. Nilieleza habari za rutuba kwa maneno niliyokuwa nayo, ambayo mengi yalikuwa ya salamu na chakula. Masunga akasema nimetoa taarifa kama Mpare anavyotoa sadaka, kidogo kidogo huku nikiangalia mlango. Mratibu hakucheka. Aliniambia hii ilikuwa mara ya kwanza kunisikia nikisema jambo ambalo siwezi kujificha nyuma yake.

Sheria ile ilitokana na aibu ya Nkoma, na aibu hiyo ilikuwa yake.

Aliyemtangulia katika kazi alikuwa amepanda shamba la majaribio huko, kwenye ardhi ya mzee mmoja aliyekubali kutuazima. Mbegu mbalimbali zilipandwa kwa mistari mirefu, na mbegu iliyokuwa mwisho wa shamba, upande wa juu, ilizishinda zingine kila msimu. Bwana yule akahamishiwa kusini, na huko akafariki. Mratibu akarithi shamba na matokeo. Alipoona yanafanana miaka yote, alifanya ambalo mtu yeyote angefanya: alikwenda Dutwa, kwenye mkutano wa wakulima, akasimama akawaambia mbegu ndiyo hii. Vigelegele vilipigwa.

Tulikuwa njiani kurudi Bariadi. Masunga, ambaye enzi zile chumba chake kilitenganishwa na chetu kwa ukuta mmoja tu, alikuwa kiti cha nyuma anatafuna hindi la kuchemsha.

"Lakini ile mbegu mnaisifia bure," alisema. "Pale juu palikuwa na zizi. Nilikuwa nachanja ng'ombe wa yule mzee palepale, mavi mpaka magotini."

Mratibu aligeuka nyuma.

"Kwa nini hukusema?" Mratibu aliuliza.

"Nani aliniuliza? Mimi mtu wa mifugo. Kikao cha pamba ni cha watu wa pamba."

Mratibu akamwambia dereva ageuze. Tuliwakuta wakulima wengi bado wapo, wengine wanafunga mizigo kwenye baiskeli. Akapanda pale pale alipokuwa amesimama asubuhi. Hakusema kulikuwa na hitilafu, wala hakumtaja marehemu.

"Nilichowaambia asubuhi nakifuta," alisema. "Sijui kama mbegu ile ni nzuri. Iliota kwenye zizi la zamani. Ninachojua ni kwamba samadi ni nzuri."

Mzee mmoja aliyekwishapanda baiskeli alimjibu kwa sauti, akimwita mama kwa Kisukuma, "Hilo hata ng'ombe analijua, mayu." Watu wakaangua kicheko. Mratibu alisimama mpaka kicheko kikaisha, akawashukuru, "wabeja, wabeja sana," akashuka. Nimewaona wakubwa wengi wakikosea. Aliyerudi siku hiyohiyo, mahali palepale, mbele ya watu walewale, ni yeye peke yake, na tangu siku ile nilimheshimu kwa moyo mmoja.

Kuhusu yule aliyemtangulia, alisema mara moja tu. Alisema bila shaka habari za zizi alizijua, na kila mwaka aliliondoa zizi hilo kichwani mwake kabla ya kuipima mbegu, bila kuliandika popote. "Hakuwa mwongo. Aliondoka na ufunguo mfukoni." Wiki iliyofuata Masunga aliletewa kiti katika kikao cha pamba, na sheria ya Ijumaa ikaanza.

Alikuwa na maneno yake mengine, ambayo mpaka leo tunayatumia bila kumtaja. "Usinipe matokeo kwanza, nipe kilichokushangaza." "Aliyenyamaza ana kitu au hana. Kumwuliza hakugharimu kitu." Mtu akiuliza swali la kijinga, aliitikia "wabeja", kisha akatuangalia sisi wengine kwa zamu, kwa sababu alijua wapo wanne waliokuwa nalo swali hilohilo wakaliogopa. Kiti chake chenye mito alimpa anayeeleza. Yeye alikaa kwenye benchi karibu na mlango, mahali pa mtu aliyekuja kuomba kazi.

Sasa, mtu huyo mgawaji wa maarifa alikuwa mchoyo wa kila kitu kingine. Michembe yake aliiweka kwenye kopo la bati ndani ya droo, akaitafuna peke yake saa nne, droo ikiwa wazi kiasi cha mkono kupita. Hakuna aliyewahi kuonja. Masunga aliomba waziwazi, kwa heshima zote, "Mayu, nisaidie kimoja tu," na alijibiwa kwamba michembe si taarifa. Alipoumwa hatukujua. Mwanawe alipoolewa, tuliiona picha kwa watu. Tulimwita Mratibu siku za kazi na Mayu tulipotaka ruhusa, na majina yote mawili aliyaitikia kwa uso uleule.

Halafu kulikuwa na kazi yake mwenyewe.

Baada ya aibu ya Nkoma aliligeuza shamba lile kuwa swali. Kama zizi lilihama miaka mingi iliyopita na bado pamba inaota namna ile, samadi inaongeza kiasi gani, na nguvu yake inadumu mpaka lini? Upande ule wana ng'ombe wengi, na samadi hulala mazizini mpaka inageuka vilima, kwa sababu mashamba ya pamba yako mbali na kuipakia kwenye mkokoteni ni kazi ya kuvunja mgongo. Mtu hatavunja mgongo bila kujua anavunjia nini. Mratibu alitaka awape jibu hilo. Alipanda mbegu moja shamba zima, akalinganisha mistari ya juu, palipokuwa na zizi, na mistari ya katikati, ambayo mifugo haikuikanyaga. Kila Jumamosi alikwenda Nkoma, mara nyingi peke yake. Ijumaa hata moja hakuitoa kazi hiyo ielezwe.

Kabula ndiye aliyesema. "Samahani Mratibu. Kazi yako wewe, nani anaieleza?"

Tulitazama chini. Mratibu akaninyooshea kidole mimi. "Jumamosi, saa kumi na mbili. Uvae viatu vya maana."

Alitembea mbele yangu bila kugeuka. Tulimkuta mwenye ardhi, mzee mrefu mwenye blanketi begani, amesimama kwenye kizingiti. Mratibu alipiga goti kidogo.

"Mwangaluka, bhabha."

"Mwangaluka, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu."

Nilikuwa na maswali yangu tayari ulimini. Akanizuia kwa mkono. Wakazungumza habari za ng'ombe aliyeharibu mimba, za jirani aliyeuza majike yake yote, za mvua iliyopita kando, mpaka jua likapanda nami nikachoka kusimama. Tulipokuwa tunaingia shambani aliniambia, "Usianze na swali lako. Anza na lake. La kwako litajibiwa humohumo." Kisha akanionyesha mistari ya juu, na jinsi udongo unavyobadilika rangi, na ya katikati, na ya chini inakosimama maji. Alieleza vibaya, kwa haraka, kama mtu asiyezoea kuulizwa. Nilishika nilichoweza. Aliniambia Jumamosi inayofuata atakwenda mwenyewe kuagana na mzee, maana afya ya mzee haikuwa nzuri, na Ijumaa baada ya hapo nitaeleza.

Ijumaa ilifika, sangara wakiwa wameshaingia mafutani. Nilijua wenzangu wana njaa nikakimbia. Nilieleza udongo, maji, mistari, namba; nikamalizia na jibu, ambalo lilikuwa la ajabu kidogo: tofauti kati ya zizi na katikati ilikuwa ndogo sana. Samadi, kwa namba zetu, haikulipa taabu ya kuibeba.

Mratibu akagonga benchi.

Nilirudi nyuma. Nikasahihisha habari ya maji. Akagonga. Nikapitia namba upya, nikasema labda mvua. Akagonga. Nilikuwa nimeyamwaga maneno mengi kwa mpigo mmoja, sikujua amegonga lipi. Mama lishe akachungulia mlangoni kuuliza kama leo tunafunga.

"Mpare," Masunga alisema, "toa kosa tukale."

Sikulitoa. Mratibu akainuka. "Nendeni mkale. Wewe, rudi Nkoma."

Nilimfuata mpaka nje. "Mratibu, niambie tu ni lipi. Huyu mzee amekwambia kitu Jumamosi?"

"Nikikuambia utalijua," alisema. "Ukiliona utalikumbuka."

Nilikasirika siku ile na hasira hiyo haijaisha yote. Jumapili, akijiandaa kwenda kanisani, kiharusi kilimpata. Kilichukua mkono wa kulia, mguu, na kauli. Kalamu aliyoshikishwa mkono wa kushoto aliichorea mistari akaitupa. Baada ya miezi kadhaa ya hospitali, ndugu walimchukua kwao Mwamapalala, na ofisi ikamstaafisha kwa ugonjwa.

Nilikwenda Nkoma, kama nilivyoagizwa. Mzee alikuwa amezikwa. Wanawe, ambao walikuwa wadogo wakati familia inahamisha makazi yake kwenda upande wa pili wa njia, walinionyesha zizi. Ni zizi lilelile, mahali palepale. Niliuliza kuhusu zizi, nikajibiwa kuhusu zizi, nikarudi.

Kwa hiyo aliondoka na ufunguo mfukoni, naye pia. Nalisema hili bila furaha. Mtu aliyetufundisha kwamba kilicho kichwani mwa mtu mmoja bado hakijulikani, alikiacha kitu kichwani mwake kwa ajili ya kunifundisha mimi adabu ya kutazama. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, wanasema, lakini wapo pia wanaokataa kumchelea mwana wakalia wote wawili. Kama kuna funzo hapo, ni kwamba kugonga kunatosha tu iwapo mgongaji atakuwepo kesho.

Na msimu ulikuwa unakuja. Mkuu mpya alitaka jibu la samadi litoke kabla ya mvua za kupandia. Wapo watu wa Nkoma na vijiji vya jirani waliokwishaanza kupakia samadi kwenye mikokoteni, baada ya kumsikia Mratibu akiulizauliza Jumamosi zake. Jibu letu lingewaambia waishushe. Kama lilikuwa kweli, tungewaokolea migongo. Kama lilikuwa na kosa, tungewanyima mavuno, na baada ya yale ya Dutwa hakuna ambaye angetusikiliza tena. Mimi nilikuwa na jibu lililogongwa mbele ya mashahidi na sikujua limegongewa wapi.

Kabula ndiye aliyepata wazo. "Twende tukamweleze kazi yake."

"Hawezi kusema," nilimwambia.

"Kwani sheria inamtaka aseme?"

Tulikwenda watatu, kwa gari la ofisi: Kabula, Masunga na mimi. Dada yake mkubwa alitupokea uani. "Mwadila," tukasalimiana, tukauliza hali, tukapewa viti. Dada alitutayarisha. Alisema anaelewa, ila ndiyo na hapana zimemchanganyikia. Ukimwuliza anataka chai, anaitikia kwa kichwa, ukimletea, anaisukuma. Ukimwuliza kama maumivu yapo, anaitikia; ukimwuliza kama hayapo, anaitikia vilevile. "Msimchoshe kwa maswali," alisema.

Alikuwa amekaa ndani, karibu na mlango, kwenye kochi lenye mikono ya mbao. Alikuwa amepungua. Miwani ilikuwa ileile. Alitutazama mmoja mmoja, na upande mmoja wa uso wake ukatabasamu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi lakini si kwa hilo, na Masunga ndiye aliyetangulia kumsalimia.

Dada alileta michembe kwenye sahani na chai. Masunga, baada ya miaka yote ile, akachukua kipande. Mratibu aliifuatilia safari ya kile kipande kutoka kwenye sahani mpaka mdomoni kwa jicho lisilo na ugonjwa wowote.

"Mratibu," nilisema, "nimekuja kueleza kazi ya Nkoma. Mwenye kazi hasemi."

Mkono wake wa kushoto ukasogea taratibu mpaka kwenye ncha ya mkono wa kochi, ukatulia hapo, kifundo kikiwa kimekunjwa.

Safari hii sikukimbia. Nilisema sentensi moja, nikanyamaza, nikamtazama. Shamba liko kwenye ardhi ya mzee fulani. Kimya. Mistari imekingama mteremko, ya kwanza juu, ya mwisho chini. Kimya. Chini maji husimama mvua zikizidi, mavuno ya huko hatuyahesabu. Kimya. Juu palikuwa na zizi. Kimya.

"Mistari ya katikati haikuguswa na mifugo."

Akagonga.

Haikuwa sauti kubwa. Kabula alinishika mkono. Nilirudi nyuma, nikairudia sentensi ileile niwe na uhakika, naye akagonga tena, kabla sijafika mwisho.

"Lakini Mratibu," Masunga alisema, "mimi nimewachanja wale ng'ombe. Wote walikuwa juu. Zizi lilikuwa moja. Naapa."

Akagonga. Alimtazama Masunga namna alivyokuwa akimtazama mtu aliyesema tafiti zinaonyesha. Masunga alitulia na kipande cha michembe mkononi. Niliona midomo yake ikitembea. Alikuwa anajiuliza, nadhani, swali la Mratibu: nani? Nani hasa alikuwa juu?

"Nilichanja wakubwa," alisema polepole. "Mitamba, majike, madume. Ndama hatukuwachanja siku zile." Akaweka kipande chini. "Ndama hawalali na mama zao, wangenyonya maziwa yote usiku. Ndama wana kizizi chao karibu na nyumba. Na nyumba, kabla hawajahama..." Alimgeukia Mratibu. "Nyumba ya mzee ilikuwa katikati ya shamba. Kizizi cha ndama kilikuwa katikati."

Kila Msukuma katika timu ile amekua akiwatenga ndama na mama zao jioni. Kwa kuwa kila mmoja alijua, hakuna aliyeliona kuwa jambo la kusemwa. Na Mpare ambaye angepaswa kuuliza hakujua kwamba kuna la kuuliza. Tulikuwa tumelinganisha samadi na samadi, tukashangaa kwamba hazitofautiani.

Tulimtazama mkono. Kifundo kilikuwa palepale juu ya mbao, kimekunjwa.

Hakugonga.

Kwa mbali nilisikia dada yake akisema chakula tayari, tuhamie uani. Kabula alimwomba radhi. Alisogeza kiti chake mbele, akakaa wima, na kwa ile sauti ambayo zamani tulilazimika kuikisia akaanza upya kazi yote, tangu mwanzo: ardhi ya nani, mteremko, maji, zizi la ng'ombe juu, kizizi cha ndama katikati, na kwamba ulinganisho wetu ni batili mpaka tupate mistari mingine, na kwamba hadi hapo mtu asiambiwe ashushe samadi yake. Mratibu alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kidogo. Sisi wengine tulikuwa na njaa. Kabula alipofika mwisho alinyamaza, akasubiri, tukasubiri wote, kisha ule mkono ukafunguka, ukaisukuma sahani ya michembe taratibu kuelekea kwa Kabula.